Dell Latitude E6430: i5 itoke, i7 iingie?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina stationari hapa Uyole, Mbeya, na pembeni nahariri video za harusi na sendoff. Natumia Dell Latitude E6430, i5-3320M, RAM 4GB, hadidiski ya GB 500. Nikiweka klipu kwenye programu ya kuhariri mashine inakwama, na kutoa video ya saa moja ni kazi ya kulaza usiku. Fundi mmoja wa Mwanjelwa ameniambia atanitolea prosesa ya i5 aniwekee ya i7. Mwingine amesema prosesa ya laptopu haibadilishwi, anayesema inabadilishwa anatafuta hela yangu. Nani mkweli? Na kama inawezekana, ni i7 ipi, na je, naweza kuifunga mwenyewe?

JIBU: Dada, wote wawili ni wakweli, kila mmoja kwa mashine anazozishika zaidi. Laptopu nyingi zinazofika kwa mafundi siku hizi zina prosesa iliyochomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, na hizo kweli hazibadilishwi bila mashine maalumu ya kuyeyushia risasi. Yako ni ya mwaka 2012, kizazi cha tatu, wakati Intel bado wanatengeneza prosesa za laptopu zenye pini za kuchomeka kwenye soketi. Wameendelea nazo hadi kizazi cha nne. Kuanzia kizazi cha tano, prosesa zao za laptopu zote ni za kuchomelewa.

Herufi za mwisho za jina la prosesa ndizo za kutazama. U ni ya kuchomelewa siku zote. M na QM za kizazi cha pili na cha tatu mara nyingi ni za soketi, ingawa zipo za kuchomelewa zenye jina lilelile, kwa hiyo usihukumu kwa jina peke yake. Kwenye kizazi cha nne, MQ ni ya soketi na HQ ni ya kuchomelewa. Uhakika unaupata kwa CPU-Z, programu ndogo ya bure: fungua, tazama mstari wa Package. Ukiona 988B rPGA, una soketi. Ukiona neno BGA, imechomelewa, funga mjadala. Tazama pia kibandiko chini ya mashine. Iwe E6430 tupu. E6430s na E6430u ni mashine nyingine, nyembamba zaidi, na ninayoeleza hapa si yake.

Kwa wasomaji wenye laptopu tofauti, soketi kufanana hakutoshi. Chipseti, yaani chipu ya kwenye mazabodi inayofanya kazi na prosesa, nayo lazima iikubali, na BIOS, programu inayoiwasha mashine, iitambue. Prosesa za kizazi cha kwanza, kama i5-520M, zina pini 988 kama za kwako, lakini soketi yake ni nyingine na haziingiliani. Mtego mbaya zaidi ni chipseti ya HM70, iliyowekwa kwenye laptopu nyingi za bei rahisi za Celeron na Pentium za wakati huohuo. Ukiiwekea i3, i5 au i7 inawaka vizuri, Windows inafunguka, kila mtu anafurahi, kisha baada ya dakika 30 mashine inajizima yenyewe. Intel waliifunga hivyo makusudi. Mteja anarudi dukani akilalamikia betri au joto, kumbe hakuna kilichoharibika. E6430 yako ina QM77, hivyo hilo halikuhusu.

Sasa ni i7 ipi. Hapa ndipo watu wanapoliwa, kwa sababu si kila i7 ni kubwa. i7-3520M na i7-3540M zina viini viwili (sehemu zinazopiga kazi ndani ya prosesa) na nyuzi nne (kazi zinazoshikwa kwa wakati mmoja), sawasawa na i5 uliyonayo. Ya kwako inapanda hadi 3.3 GHz, 3520M inapanda hadi 3.6. Tofauti hiyo kwenye kutoa video utaitafuta kwa saa ya mkononi. Fundi akikuletea mojawapo ya hizo mbili kwa bei ya i7, mrudishie. Unachohitaji ni viini vinne, yaani QM.

Katika QM, mimi ningekuchagulia i7-3632QM: viini vinne, nyuzi nane, 2.2 GHz hadi 3.2, kachi (kumbukumbu ndogo ya ndani) ya MB 6, na inakula wati 35, kiasi kilekile cha i5 yako. Hitisinki (chuma cha kupozea prosesa), feni na mfumo wa umeme wa mashine yako tayari vimezoea wati hizo. i7-3740QM ina kasi zaidi, 2.7 hadi 3.7 GHz, lakini ni ya wati 45. Zipo E6430 zilizotoka kiwandani na QM za wati 45, kwa hiyo haitaunguza kitu. Ila ukiwa unatoa video ya saa nzima itapanda joto, itajipunguza kasi, na feni itapiga kelele mpaka wateja wa kutoa kopi waulize. Kwa kazi ndefu zisizo na mapumziko, tofauti ya hizo mbili ndani ya mwili huu ni ndogo kuliko namba zinavyoonyesha. i7-3610QM, nayo ya wati 45, inafaa kama ndiyo pekee iliyopo na bei yake iko chini.

Usitegemee muda kupungua nusu kamili. Viini ni mara mbili, lakini vikifanya kazi vyote kwa pamoja kila kimoja kinashuka kidogo. Kazi iliyokuwa ya saa tatu kukaribia saa mbili ni matarajio ya kiungwana.

Lakini kabla hujatuma hata shilingi, fanya kipimo. Fungua mradi wa harusi uliokuwa unakwama, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na utazame Task Manager wakati unahariri na wakati unatoa video. Kama diski iko asilimia 100 huku prosesa ikicheza kwenye 40, tatizo ni diski na RAM, na i7 haitasaidia chochote. Kwa RAM 4GB na hadidiski ya kuzunguka, nina shaka kubwa ndivyo utakavyoona. Windows ikikosa nafasi kwenye RAM inahamishia mambo kwenye diski, na hadidiski ya aina hiyo inasoma kama MB 100 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri, pungufu sana inaporukaruka. SSD, diski isiyozunguka, ya SATA ya inchi 2.5 inafika karibu MB 500. Kwa hiyo mpangilio wa matumizi ya pesa ni SSD kwanza, RAM ya pili, prosesa ya tatu. RAM yake ni DDR3 ya laptopu, 1600, yenye maandishi PC3-12800 au PC3L-12800. Mashine inabeba hadi GB 16. Weka vijiti viwili vinavyolingana, 4 na 4 au 8 na 8, kwa sababu grafiki yake ya HD 4000 inakopa kutoka RAM hiyohiyo na inafanya vizuri zaidi njia zote mbili za RAM zikifanya kazi.

Kipimo cha pili hakitajwi sana, nacho ndicho kinachowatesa wahariri wengi. Klipu zako zimepigwa na nini? Simu nyingi mpya hurekodi kwa HEVC, njia ya kubana video inayoandikwa pia H.265. HD 4000 haina kifaa cha kuifungua, kwa hiyo kazi yote inaangukia prosesa, na hata i7 ya viini vinne itahema ukiweka klipu mbili za 4K juu ya nyingine. H.264 inaisoma bila shida. Mwambie mpiga picha aweke kamera au simu kwenye H.264 na 1080p. Kwa zile zilizokwisha kurekodiwa, tengeneza nakala nyepesi za kuhaririia, kisha programu irudi kwenye faili halisi wakati wa kutoa. Programu nyingi za kuhariri zina kipengele hicho. Angalia pia kwenye mipangilio ya kutoa video kama kuna Quick Sync. Ukiiwasha, grafiki inashika sehemu kubwa ya usimbaji wa H.264 na muda unapungua hata kwa i5. Kama hukuwahi kuiwasha, anza na hiyo, ni bure.

Baada ya hayo yote, kama prosesa bado iko asilimia 100 muda wote wa kutoa, basi inunue.

Mbeya unaweza kuikosa, ikabidi itumwe na basi kutoka Kariakoo. Omba picha mbili kabla ya kulipa: juu, ambako namba inasomeka, na chini, ambako pini zinaonekana zimenyooka mistari yote. Juu kuwe na msimbo unaoanza na SR: 3632QM ya soketi ni SR0V0, na 3740QM ni SR0UV. Ukikuta msimbo unaoanza na Q, au maneno INTEL CONFIDENTIAL, hiyo ni ya majaribio ya kiwandani na BIOS ya Dell inaweza kuikataa. Sisitiza ifungwe ndani ya kiboksi kigumu. Pini 988 zikizungushiwa gazeti na kutupwa kwenye buti la basi hadi Mbeya, hazifiki zote zimesimama.

Nunua pia pesti ya prosesa ya kupitishia joto, bomba dogo la gramu moja au mbili linatosha, na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu kutoka duka la vifaa vya elektroniki. Spiriti ya rangi ya dukani isitumike, na ya kusafishia vidonda baadhi yake ina mafuta yanayobaki juu ya silikoni.

Chaja nayo itazame. E6430 nyingi zinauzwa mitumba na chaja ya wati 65. Kwa viini vinne tumia ya wati 90, ya Dell halisi. Ile pini nyembamba katikati ya kichomekeo ndiyo inayoiambia mashine chaja ni ya wati ngapi. Ikivunjika, au chaja ikiwa ya kuiga, mashine ikiwaka inatoa ujumbe kwamba aina ya chaja haijatambulika, betri haichajiwi, na prosesa inang'ang'ania 1.2 GHz au pungufu. Mtu anaweza kununua i7, akaona mashine nzito kuliko mwanzo, akamlaumu fundi bure.

Siku moja kabla, ukiwa bado na i5 ndani, nakili kazi zako nje, kisha pakua BIOS ya mwisho ya E6430 kutoka tovuti ya Dell na uiweke. Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo bila betri nzima, unabaki na mazabodi isiyowaka.

Kufunga mwenyewe unaweza. E6430 ni miongoni mwa laptopu rahisi kabisa kwa kazi hii, kwa sababu kila kitu kinafikika kutokea chini, kibodi na kioo haviguswi. Unahitaji bisibisi ya nyota ndogo, bisibisi bapa ndogo, kitambaa kisichotoa nyuzi na meza yenye mwanga. Jambo moja la huku kwetu: kuanzia Juni hewa inakauka na kila mtu yuko ndani ya sweta. Sufu ikisuguana na kiti inakusanya umeme tuli wa kutosha kuua chipu bila wewe kusikia chochote. Vua sweta, usifanyie kazi juu ya blanketi wala zulia, na gusa chuma kisichopakwa rangi kilichofika ardhini, kama bomba la maji la chuma, kabla ya kushika prosesa na kila unaporudi mezani.

Washa mashine dakika tano ili pesti ya zamani ilainike, izime kabisa, chomoa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi na tano. Fungua skrubu za mfuniko wa chini, uutoe. Hitisinki ya shaba utaiona, ina skrubu nne juu ya prosesa, zenye namba 1 hadi 4. Zilegeze kidogokidogo kwa kupishana pembe, usimalize moja kabla ya nyingine. Hazitoki kabisa, zinabaki zimeshikwa, kwa hiyo usizivute. Inua taratibu. Ikigoma, izungushe kidogo kushoto na kulia, usiikwanyue kwa bisibisi.

Hapo utaiona prosesa, na pembeni ya soketi skrubu moja bapa yenye alama ya kufuli mbili, lililofungwa na lililo wazi. Izungushe nusu mzunguko kinyume na saa hadi alama ya wazi. Inua i5 wima kwa vidole viwili, ukishika kingo. Weka i7 kwa kulinganisha pembetatu ya dhahabu ya pembeni na alama kwenye soketi. Inadondoka yenyewe mahali pake bila kusukumwa. Ikikaa upande, itoe na utazame pini. Ukiibonyeza kwa nguvu unazipinda, na pini iliyopinda ikinyooshwa mara ya pili hukatika. Iliyolala kidogo unainyanyua kwa ukingo wa kadi nyembamba ukipitisha kati ya mistari. Prosesa ikishakaa bapa, ishikilie kwa kidole kimoja na urudishe skrubu hadi alama ya kufungwa. Hii wengi wanaisahau: wanafunga hitisinki juu ya prosesa isiyobanwa, mashine inawasha taa tu bila picha.

Safisha hitisinki na juu ya prosesa kwa spiriti hadi shaba ing'ae. Prosesa za laptopu hazina kifuniko cha chuma, ile silikoni inayong'aa ndiyo inayogusa shaba, kwa hiyo pesti lazima iifunike yote. Tone la ukubwa wa punje ya mchele, lisambazwe kwa kipande cha kadi ya plastiki hadi liwe utando mwembamba. Kumwaga pesti nyingi ni kosa la kawaida la mafundi wa haraka. Inapunguza mpitisho wa joto na inatiririka pembeni. Kama hitisinki yako ina vipande vya mpira wa kijivu vinavyogusa chipu nyingine, viache kama vilivyo. Kikichanika, kibadilishe kwa chenye unene uleule, pesti haijazi pengo hilo. Ukiwa hapo, toa feni na upulize mapezi ya hitisinki kutokea ndani. Vumbi la kiangazi linajikunja pale kama kitambaa kwenye upande wa feni, na kwa nje huwezi kuliona.

Rudisha hitisinki ikishuka wima, kaza skrubu kwa kufuata namba, mzunguko mmoja mmoja, hadi zote zigote. Ukikaza upande mmoja kwanza, silikoni inaweza kumeguka kwenye kona, na hapo hakuna dawa.

Mara ya kwanza kuwasha, kioo kinaweza kubaki cheusi kwa dakika moja na mashine ikajizima na kuwaka tena. Ivumilie. Ikipita dakika tatu bila picha, zima, acha kijiti kimoja tu cha RAM, jaribu nafasi zote mbili. Bado? Toa betri ndogo ya saa ya BIOS kwa dakika kumi, rudisha. Bado? Rudisha i5. Ikiwaka na i5, mbovu ni prosesa uliyouziwa au pini zake. Isipowaka hata na i5, kagua kufuli la soketi na waya wa feni.

Ikiwaka, Task Manager ionyeshe viini 4 na nyuzi 8. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto, toa video ya dakika 30, na usome joto. Bila kazi, nyuzijoto 40 hadi 55 za Selsiasi ni sawa. Ikiwa kazini, chini ya 90 ni sawa. Kikomo cha prosesa hizi ni 105, lakini ikikaa juu ya 95 pesti haikukaa vizuri au mapezi yameziba. Kwenye mwinuko wa Mbeya, kama mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni inasukuma hewa pungufu. Baridi yetu inalifidia hilo, mradi usiiweke laptopu kitandani juu ya blanketi, kwa sababu tundu za chini zikizibwa joto linapanda ndani ya dakika chache. Wala isikae karibu na jiko la mkaa. Majivu yanaingia kwenye mapezi vibaya kuliko vumbi.

Kuna jambo la kupima kabla hujaamua. Windows 10 iliisha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka rasmi Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. i7 ya kizazi cha tatu haibadilishi hilo. Kwa hiyo jumlisha SSD, RAM, prosesa na chaja, kisha uulize bei ya laptopu ya mtumba yenye i5-8250U au i5-8350U. Nayo ina viini vinne na nyuzi nane, inakula wati 15, na grafiki yake inafungua HEVC. Jumla yako ikifika nusu ya bei hiyo, ningeishia kwenye SSD na RAM, na pesa ya prosesa ningeitunza kwa mashine ijayo. SSD utaihamishia huko. RAM hapana, kwa sababu mashine hizo zinatumia DDR4.

Ukiamua kuendelea, i5 iliyotoka usimwachie fundi kama sehemu ya malipo. Ifunge kwenye kile kiboksi cha i7. Siku mashine ikikataa kuwaka, ndiyo itakayokuonyesha kama kilichokufa ni prosesa au mazabodi.